AKIBA YA UMEME NI AMANA, IRUDISHWE KWA MWENYEWE



Wengi wetu tunao jamaa waliovuka bahari kwenda kutafuta riziki Bara, na baadhi yao wamefika hata Runzewe, wilayani Bukombe katika mkoa wa Geita, penye njia panda ya kwendea Bwanga na Lusahunga. Huko dhahabu ndiyo iamuruyo makazi. Yakizuka machimbo mapya, wateja huhama, na mwenye duka huwafuata. Mpangaji hufunga mizigo yake yote akarejesha ufunguo. Kitu kimoja tu hawezi kukichukua, nacho ni umeme aliokwisha kuulipia.

Kwani LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, hulipiwa kabla. Tarakimu 20 za kila manunuzi zimefungamana na mita moja tu, nyengine haizikubali. Basi uniti zilizosalia hubaki ukutani, akazitumia mpangaji ajaye ambaye hakuzitolea hata senti moja. Wala msomaji wa Wete au wa Mkunazini asidhani kwamba hiyo ni taabu ya watu wa mbali, kwani mita za TUKUZA za Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, nazo hulipiwa kabla.

Sisi twauliza: fedha iliyotangulia huduma ni mali ya nani? Umeme usiotumiwa haujapita katika waya. Muuzaji amezishika fedha, na bidhaa pia ameishika. Hiyo ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.

Tutajibiwa kwamba fedha zenyewe ni kidogo na hesabu yake ni ngumu. Hatukubali. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo huko Bara imekuwa ikikatwa ndani ya LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mtambo unaojua kuitafuta elfu moja ya Serikali katika kila mita hauwezi kushindwa kuziona elfu chache za mpangaji. Tena mwaka 2024 wenye mita za LUKU walitakiwa kuziboresha kabla ya tarehe 24 Novemba, na aliyekuwa na tarakimu za zamani ilimlazimu aziingize mapema, la sivyo mita isingezipokea. Mwananchi aliwekewa siku ya mwisho. Je, muuzaji anayeshika fedha za mtu, siku yake ya mwisho ni ipi?

Tazameni wakubwa wanavyodaiana. Machi 2017 TANESCO ilisema inaidai ZECO zaidi ya shilingi bilioni 120, na wadaiwa wake wakubwa wakapewa ilani ya siku 14. Deni la shirika lina ilani na lina siku. Deni la mnyonge lisiwe na siku kwa sababu gani?

Kwa hivyo twataka mambo matatu. Kwanza, anayehama aweze kuhamishiwa salio lake kwenye mita nyengine, au arudishiwe fedha taslimu. Pili, idadi ya siku za kurejesha iandikwe wazi katika stakabadhi. Tatu, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Wakati tukiyadai hayo, kila mwanachama ahifadhi stakabadhi zake. Siku ya kuhama apige picha ya mita ionyeshe namba na salio, kisha aandike barua yenye tarehe kwa ofisi ya shirika na abaki na nakala. Asiporidhika na jawabu, wa Bara aende EWURA, na wa Visiwani aende ZURA. Asiyejua kuandika asaidiwe na tawi lake, kwani ndiyo kazi ya tawi.

Miaka yote mnyonge ameambiwa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nasi twasema: dawa hiyo na aliyeipika aionje.