Kamera Ndogo, Amana Kubwa

Siku hizi ukialikwa harusini Mombasa au Malindi, hujaulizwa hata habari za watoto utaulizwa kama umekuja na simu. Katika harusi nyingi, mlangoni mwa ukumbi wa wanawake husimama mama mmoja mwenye macho makali, na mbele yake pana beseni. Kila aingiaye huiweka simu yake humo, akapewa kijikaratasi chenye nambari, na harudishiwi mpaka ngoma imekwisha. Wako wanaonung'unika kwamba huko ni kurudi nyuma, na kwamba harusi bila picha ni kama pilau bila nyama. Mimi simlaumu mama wa beseni, na sababu ninayo.

Miaka michache iliyopita, katika harusi ya jamaa zetu Mombasa, simu moja ilipenya. Binti wa dada yangu alipigwa picha akicheza, kichwa wazi, naye hana habari. Kabla ya adhana ya alfajiri picha hiyo ilikuwa imeshafika Lamu na Maskati. Aliyeipiga hatumjui hata leo. Binti alijifungia ndani, chuoni hakwenda muhula mzima, na mchumba aliyekuwa akitajwa tajwa akanyamaza kimya. Dada yangu, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye najulikana kuwa mtu wa mapicha, alinijia akaniuliza, "Kaka, huwezi kuirudisha picha hii?" Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Wasomaji wapenzi, mimi si mwanasheria wala si shekhe. Ni mstaafu tu niliyehamia Marungu, huku upande wa Voi, ambako reli na barabara kuu ya Mombasa zinaikata nyika ya Tsavo. Uraibu wangu ni kamera ndogo za zamani, zile zinazotumia mkanda mwembamba kuliko ule wa kawaida wa milimita 35. Ninazo mbili. Moja ni Minox B niliyoachiwa na marehemu mjomba, baharia aliyeinunua bandarini Hamburg. Ya pili ni ya mkanda wa 110, iliyokuwa ya marehemu shangazi, aliyoletewa na mahujaji kutoka Jeddah. Vijana huziona kuwa vitu vya kuchezea. Kumbe ndani yake mna funzo juu ya jambo linalotusumbua leo, nalo ni hili: picha ni amana, na amana haina budi iwe na mtu anayejulikana kuwa ndiye aliyeishika.

JICHO LA KUJIFICHA

Isidhaniwe kwamba nataka kusema vya kale vyote vilikuwa na adabu. Minox ilivumbuliwa na Walter Zapp, mzaliwa wa Riga wa mwaka 1905, na kiwanda cha VEF mjini humo, huko Latvia, kikaanza kuitengeneza mwaka 1938. Zapp alitaka kamera ambayo mtu angeificha kiganjani na kutembea nayo kila mahali. Alifaulu. Ikifungwa ina urefu wa sentimita nane tu. Ukiivuta inafunguka, ukiisukuma inajifunga, na kwa kufanya hivyo mkanda unasogea na kamera iko tayari tena. Kila picha ni ya milimita 8 kwa 11, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na mkanda mmoja wa zamani ulichukua picha 50.

Kwa kuwa lenzi yake huona barabara hata kwa umbali wa sentimita 20, na mkufu wake una alama za kupimia umbali, wapelelezi waliipenda mno kwa kunakili nyaraka. Mwanamaji wa Marekani John Walker, aliyekamatwa mwaka 1985 kwa kuwauzia Warusi siri za nchi yake, alitumia Minox. Basi ubaya wa kumwona mtu pasipo yeye kujua haukuletwa na simu. Dini yetu ilikataza kupelelezana karne nyingi kabla ya lenzi ya kwanza kusuguliwa.

Kamera ya shangazi ilikuwa na tabia nyingine. Mwaka 1972 Kodak ilitoa mkanda wa 110, uliofungwa ndani ya kaseti ya plastiki. Hapakuwa na haja ya kuuchomeka mkanda kwa ustadi wala kuogopa kuuchoma kwa mwanga. Ulitia kaseti, ukafunga mlango, ukapiga. Kamera hizo ndefu na bapa zilienea duniani, nazo zikaingia mikononi mwa watu ambao hawakuwa wapiga picha wa kazi, na wanawake miongoni mwao.

KAHAWA, MAGADI NA MTUNGI

Huku Marungu mkanda wa Minox hauuzwi dukani. Nimejifunza kuukata mwenyewe kutoka ule wa milimita 35, kwa nyembe zilizobanwa katika kipande cha ubao, usiku, ndani ya stoo, blanketi limeziba dirisha. Kisha nautia katika kaseti kuukuu kwa kupapasa. Lori likipita barabarani na taa zake kali, mimi hushika roho.

Kusafisha filamu ndiko kuliko na utamu. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake wa chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba filamu nyeusi na nyeupe yaweza kusafishwa kwa kahawa. Si ile kahawa chungu ya barazani, inayopita katika vikombe vidogo pamoja na tende au kashata, bali ile ya unga inayouzwa makoponi. Ndani ya kahawa mna asidi inayoigeuza chumvi ya fedha iliyoguswa na mwanga ikawa nyeusi. Huchanganywa na magadi ya kufulia, ambayo sisi Kenya tunayo ziwa zima huko Magadi, na wapenzi wa mchezo huu wakaongeza baadaye vitamini C. Mchanganyiko huo hunuka vibaya, na majirani zangu wameshauzoea.

Maji yanatakiwa yawe ya baridi, kama digrii 20, na Marungu mwezi wa pili hata kivulini maji huwa vuguvugu. Mtungi ndio unaoniokoa. Mwisho huja dawa ya kuimarisha picha, ambayo mafundi wa studio huiita haipo; na kweli siku nyingi, ukiiulizia madukani, haipo. Hiyo huagizia mbali.

Matokeo? Usitarajie makubwa. Nilimpiga ndovu picha akivuka njia karibu na Maungu, na alipotoka kwenye karatasi alikuwa nukta iliyosimama kando ya nukta nyingine, ambayo ni mlima Kasigau. Vumbi la nyika huingia kila mahali likaacha mistari. Lakini madhali kila mkanda hunigharimu usiku mzima wa kazi, siinui kamera ovyo. Najiuliza kwanza kama jambo lile lastahili, na kama mwenyewe ameridhia. Filamu ikishakauka hutundikwa uzini, mkanda mmoja, ndani ya nyumba moja, na mimi najua uliko. Yeyote mwenye haki nayo akija anajua wa kumwuliza.

KOPO LA BISKUTI

Hapo ndipo ninapomkumbuka shangazi. Katika miaka ya 1980 yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kamera katika ngoma za wanawake za mtaani kwetu. Kanuni yake ilikuwa moja. Kabla ya kupiga alizunguka akiwauliza, na asiyetaka alisogea pembeni bila ya kuulizwa sababu.

Shida ilikuja baadaye. Kaseti ilibidi ipelekwe studio, na ndani ya chumba cha giza alikuwamo mwanamume. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba zama za filamu hazikuwa na hofu. Nyumba nyingi hazikukubali picha za wanawake hata kidogo kwa sababu hiyo. Shangazi alimchagua mzee mmoja tu, mtu mwenye jina na familia, na akapatana naye kwamba picha zote na negativu zote zitarudi. Kaseti ilikuwa na picha 24. Siku moja nilimsindikiza, akahesabu bahasha papo hapo, zikawa 23. Hakugomba. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Nasubiri." Tulikaa mpaka karibu na magharibi. Mzee alitoka akitweta, na picha ya 24 mkononi, ilikuwa imenasa chini ya karai.

Alipofariki tulikuta kopo la biskuti uvunguni mwa kitanda. Ndani mlikuwa na bahasha ndogo ndogo, kila moja ina jina la mwanamke na vipande vyake vya negativu. Wasia wake ulikuwa kwamba virudishwe kwa wenyewe. Nilizifikisha bahasha hizo bila kuzifungua. Mama mmoja aliipokea yake, akaingia jikoni, akaitia motoni mbele ya macho yangu, kisha akarudi kunimiminia chai. Ilikuwa haki yake.

SHERIA IMEFIKA WAPI

Wenzetu watasema leo tuna sheria. Ni kweli, na si haba. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 yamtisha anayesambaza picha za uchi au za siri za mwenzake kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data. Nayo haikukaa kabatini: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja asiyeridhia.

Lakini tazama pengo lililobaki, ambalo latuhusu sisi hasa. Sheria ya 2018 inazungumza juu ya uchi na ya faraghani, ilhali binti wa dada yangu alikuwa amevaa gauni zuri la harusi. Kilichokuwa wazi ni nywele zake. Machoni mwa hakimu pengine hapana aibu hapo. Machoni mwa ukoo, ipo. Na ile ya 2019 inayaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake, hivyo aliyewatumia shoga zake atajitetea kwamba yalikuwa ya nyumbani. Zaidi ya hayo, sheria huja baada ya dhara. Inaweza kumfunga mtu. Haiwezi kuifunga picha.

Wala kurudi kwa filamu pekee si dawa. Mkanda wa 110 uliokuwa karibu kufa ulifufuliwa na kampuni ya Lomography mwaka 2012, na mwaka 2024 ikatoa hata kamera mpya ya mkanda huo. Mwaka huo huo Pentax nayo ikatoa kamera mpya ya filamu. Vijana wa Ulaya na Marekani wamezipokea kwa furaha. Hata hivyo wengi wao, filamu ikishasafishwa, huzigeuza picha zikaingia kwenye simu, zikarushwa kama nyingine zote. Kamera imekuwa ya kale, mkono umebaki wa leo.

UNGENIOMBA

Mimi mwenyewe nimeanguka. Minox inashawishi. Siku moja, kwenye kituo cha magari Maungu, nilimwona mzee amesinzia juu ya gunia la makaa, uso umejaa nuru ya jioni. Nikavuta, nikapiga, nikasukuma. Hakuna aliyejua. Lakini nilipoitazama picha ile nyumbani, nyeusi na nyeupe na nzuri ajabu, nilijihisi kama mwizi wa kuku. Kesho yake nikaipeleka kwake. Aliiangalia kwa muda mrefu.

"Ni wewe uliyenipiga?"

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

"Ungeniomba, ningevaa kofia."

Hakukasirika kwa kupigwa picha. Alichosikitikia ni kwamba nilimnyima nafasi ya kuvaa kofia yake. Nadhani hiyo ndiyo haki yenyewe, kwa maneno mafupi kuliko ya sheria zote nilizozitaja. Alivaa kofia, nikampiga nyingine, na ile ya kwanza tukaichana pamoja na negativu yake.

Basi jibu langu kwa dada ni hili. Picha ile siwezi kuirudisha, kwa sababu haina negativu, wala mzee wa studio, wala kopo la biskuti. Ila harusi zijazo tunaweza kuzilinda. Beseni la mlangoni libaki. Ndani awemo mpiga picha mmoja, mwanamke, mwenye jina na anayejulikana kwao, anayeuliza kabla ya kupiga, na kazi yake yote aikabidhi kwa mwenye harusi kwa hesabu. Awe na simu, awe na kamera ya kidijitali, awe na filamu, si kitu. Muhimu ni kwamba ajulikane nani ameshika amana.

Binti yule ameshaolewa, na mtu mwema. Siku chache kabla ya kesha lake alikuja Marungu kuniomba kamera ya shangazi. Nilimpa, pamoja na kaseti moja ya 110, nyeusi na nyeupe. Aliyepiga ni shoga yake. Nikamwambia kwamba mimi kwake ni mjomba, lakini kwa waliocheza naye si chochote, hivyo kusafisha atasafisha mwenyewe. Tulikaa jioni mbili nikimfunza kwa kipande cha filamu kitupu: kahawa, magadi, maji ya mtungi. Nimeambiwa picha zilitoka, na kwamba jiko la mamake lilinuka siku tatu. Mimi sijaziona, wala sikuuliza.