Bei ya Lafudhi Inatuvunja Mifupa

Leo hatuandiki kuhusu ndoto za vijana wala vipaji. Leo tunaandika kuhusu boda.

Tulifanya jaribio dogo. Wawili kati yetu walienda steji moja, asubuhi moja, wakitaka safari moja: kutoka Rubondo hadi Base Camp. Wa kwanza amezaliwa hapahapa Nakivale na Kinyankole anakiongea kama mwenyeji. Akaambiwa elfu tano. Baada ya dakika kumi akaja wa pili, aliyefika kutoka Rutshuru akiwa mtu mzima na anajua Kiswahili chake cha Congo tu. Dereva yuleyule, pikipiki ileile, akamwambia: "Elfu nane." Mwenzetu akauliza kwa nini. Akajibiwa: "Barabara imeharibika."

Yaani barabara iliharibika ndani ya dakika kumi.

Sisi hiyo tunaiita bei ya lafudhi. Haiangalii umbali, haiangalii mafuta, haiangalii mvua. Inasikiliza unavyosema "habari ya asubuhi" halafu inapiga hesabu. Ukiongea kama mtu wa hapa, unalipa nauli. Ukiongea kama mtu aliyeshuka juzi kwenye basi la kutoka Kisoro, unalipa nauli na adhabu ya kuwa mgeni.

Na kabla mtu hajaanza kusema tunawachafua Waganda, subiri kidogo. Dereva yule ni mkimbizi. Kiti anachokalia kwenye mkutano wa chakula ndicho tunachokalia sisi. Alifika hapa miaka mingi iliyopita, akajifunza lugha, akapata pikipiki, akasahau siku ile na yeye alipokuwa anaelekeza njia kwa kidole kwa sababu maneno hayakuwepo. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya uraia. Kuna wenyeji wanaotubeba kwa haki, na kuna wakimbizi wenzetu wanaotukamua.

Inachekesha na inauma. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, ikakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kitumike hivyo na kifundishwe shuleni. Kwenye karatasi, Kiswahili ni lugha ya heshima. Kwenye steji, Kiswahili ni elfu tatu zaidi.

Tunajua kuna atakayesema: vijana, elfu tatu tu? Ndiyo, elfu tatu tu. Elfu tatu ni karibu kilo ya unga. Mei 2025 Shirika la Chakula Duniani lilitangaza kwamba watu milioni moja kati ya wakimbizi wa Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu pesa hazipo. Wengi wenu mnaosoma hapa mmo katika hiyo milioni. Mama akienda kliniki na kurudi akalipa bei ya lafudhi mara mbili, jioni sufuria inajua.

Lakini tusingeandika kurasa zote hizi kwa ajili ya unga peke yake. Tunaandika kwa sababu ya mguu wa mwenzetu.

Yule dada anayefundisha watoto wetu ngoma za Jumamosi, wengi mnamjua, hatutamtaja jina kwa kuwa hakutuomba. Jioni moja alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu, pembeni ya barabara ya vumbi, giza limeanza kushika. Kwa miguu, kwa sababu aliulizwa bei akaona bora atembee. Boda ikatoka nyuma yake bila taa, imebeba abiria watatu na jerikeni. Dereva alimwona akiwa amekwisha kumfikia. Mguu wake ulivunjika sehemu mbili. Hapakuwa na gari. Walimkunja kwenye boda nyingine, katikati ya watu wawili, mguu umefungwa kwa kitenge na kipande cha ubao, akafika kwenye matibabu akiwa hana sauti ya kulia tena. Mama yake alisema neno ambalo hatujaweza kulisahau: "Vita ya Congo nilikimbia na miguu yangu mbili, na yeye mugongoni, tukafika bazima. Amekuja kuvunjikia hapa, kwa amani."

Watu walitaka kumpiga dereva. Sisi tulikwenda kuongea naye. Ni kijana wa umri wetu, anaimba kwaya. Pikipiki si yake, ni ya bosi. Kila jioni, ipatikane isipatikane, anapeleka hesabu ya elfu kumi. Mafuta ni juu yake, panchari ni juu yake. Siku ile hadi saa kumi na moja alikuwa hajafikisha hesabu. Wakaja abiria watatu wa kutoka sokoni, akawapanda wote, ile ambayo wenzetu waliopita Nyarugusu wanaiita mishikaki. Na taa? Ilikuwa imekufa wiki moja. Alikuwa anasubiri siku nzuri ili anunue balbu.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba nauli na ajali si mambo mawili. Fuata mnyororo pole pole. Bei haijaandikwa popote, kwa hiyo kila safari ni mabishano. Mwenye lugha anashinda, mgeni anakamuliwa. Wageni wakichoka kukamuliwa, wanatembea gizani, au wanapanda watatu kwa pikipiki moja ili wagawane nauli. Dereva naye, akikosa wateja wa bei ya kawaida, anakimbizana na hesabu kwa kubeba mishikaki na kukimbiza pikipiki. Balbu inasubiri, breki zinasubiri, helmeti haipo. Mwisho wa mnyororo kuna mfupa. Siku ile ulikuwa mguu wa mwalimu wa ngoma. Kesho hatujui ni wa nani.

Sasa tuwajibu wanaotunyamazisha.

Wa kwanza wanasema: ajali ni mapenzi ya Mungu. Sisi tunasali, wengine wetu tunaongoza sala. Lakini Mungu hakuizima ile taa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio sisi, maana ndani ya Nakivale nani ana gari? Shirika hilohilo linasema helmeti ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita. Mapenzi ya Mungu hayawezi kubadilishwa na kofia. Uzembe unaweza.

Wa pili wanasema: madereva wa boda ni wahuni, wakamatwe wote. Ukiwakamata wote leo, nani atampeleka mjamzito kesho usiku? Boda ndiyo basi letu, ndiyo ambulansi yetu, ndiyo lori letu la mahindi. Wengi wa madereva ni kaka zetu waliokosa ada ya shule. Kumpiga dereva na kumwacha bosi alale na hesabu yake ni kukata tawi na kumwagilia mzizi. Mwenye pikipiki anayeitoa barabarani bila taa na bila breki naye amevunja ule mguu, hata kama alikuwa nyumbani anakunywa chai.

Wa tatu, na hawa ndio wanaotuumiza, wanasema: ninyi ni wakimbizi, shukuruni. Tunashukuru. Uganda imetufungulia mlango kuliko nchi nyingi, na tunajua tuko zaidi ya milioni moja na laki saba. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea nchini na haki ya kufanya kazi. Lakini haki ya kutembea inatembea juu ya nini? Kama njia inatuvunja na nauli inatufungia nyumbani, haki hiyo imebaki kwenye karatasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nakivale inapokea watu tangu mwaka 1958, siku ya tatu ilipita zamani. Jembe tulipewa, na tunalima. Tunachoomba ni kufika shambani na kurudi tukiwa wazima.

Halafu kuna sisi wenyewe, na hapa tuseme ukweli. Nani anayepanda watatu akitoka kwenye harusi? Sisi. Nani anamwambia dereva "kimbiza, nimechelewa"? Sisi. Nani anaikataa helmeti eti inaharibu nywele, au inanuka? Sisi. Na nani amewahi kusimama steji, akasikia mama mgeni anaambiwa elfu nane, akajua bei ni elfu tano, akanyamaza kwa sababu yeye amekwisha kupata usafiri wake? Tuinue mikono. Wengi wetu tumeinua.

Kwa hiyo hatuji na kilio tu. Tunakuja na madai, na kila dai lina mtu wa kuliendea.

Kwanza, kila steji iwe na ubao wa bei. Bei ya mchana, bei ya usiku, bei ya siku ya mvua, kwa kila mahali panapoendwa. Usiandikwe na abiria peke yao wala na madereva peke yao: wakae mwenyekiti wa steji, viongozi wetu wa RWC, wa LC upande wa wenyeji, na akina mama wa sokoni. Bei imlipe dereva mafuta na jasho lake, hatutaki apakie mishikaki ili ale. Iandikwe kwa tarakimu kubwa. Mtatuambia ubao hauheshimiwi. Labda. Lakini leo mgeni hana cha kuonyesha. Kesho atanyoosha kidole kwenye ubao, na kidole hakina lafudhi.

Pili, abiria mmoja na helmeti mbili. Hili si ombi letu, ni sheria ya Uganda: pikipiki ibebe abiria mmoja, na dereva na abiria wote wavae helmeti. Wenye pikipiki ndio wanunue helmeti hizo, pamoja na taa na breki, kabla ya kudai hesabu. Steji isimpe foleni pikipiki isiyo na taa ikifika saa kumi na mbili jioni.

Tatu, matuta. Mbele ya kila shule, mbele ya kila bomba la maji, na pale sokoni njia inapobanana. Watoto wetu wanatembea kwenye njia ileile ya malori, katikati ya vumbi ambalo dereva haoni mbele. Mtu anayegongwa na gari linalokwenda kilomita 65 kwa saa yuko kwenye hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko anayegongwa na linalokwenda 50. Tuta ni rundo la udongo tu, lakini linajua kuhesabu kuliko dereva mwenye haraka. Waliopewa dhamana ya barabara watoe ruhusa na vipimo, nguvu za mikono tunazo sisi.

Nne, likelemba ya steji. Wakongomani mnaijua: kila mtu anaweka kidogo, kwa zamu anapokea. Madereva waweke kidogo kila siku, na ya zamu iende kwanza kwenye balbu, breki na tairi, nyingine ibaki ya dharura, ya kukodi gari mtu anapovunjika. Mgonjwa mwenye mguu uliovunjika asikunjwe tena kwenye boda kama godoro.

Tano, magari madogo ya kwenda Mbarara. Gari la watu watano linabeba tisa, na tumewahi kuona dereva akigawana kiti chake na abiria, mkono wa mtu mwingine ukiwa karibu na gia. Hapo tunadai jambo rahisi: likijaa, limejaa. Na sisi abiria tuwe wa kwanza kukataa kupanda.

Tunajua ubao wa bei hauleti amani Congo. Haurudishi chakula kilichokatwa. Lakini hatukuweza kuzuia vita, na hatuwezi kuzuia maamuzi ya wafadhili walio mbali. Steji tunaweza. Iko hapa, tunawajua kwa majina, na wao wanatujua. Kama hatuwezi kutendeana haki kwenye safari ya kwenda sokoni, tutaidai vipi kwa wakubwa?

Mwalimu wetu wa ngoma ameanza kutembea kwa magongo. Jumamosi iliyopita alifundisha akiwa amekaa kwenye kiti, anapiga mdundo kwa viganja, watoto wanaruka mbele yake. Alikuja kwa miguu ya watu: vijana wanne walimbeba, maana boda hakutaka kuiona. Hatukumlaumu.

Jumamosi ijayo, baada ya mazoezi, tunakwenda steji pamoja. Tunakwenda na ubao, rangi na brashi. Hatuendi kugombana. Dereva aliyemgonga ameahidi kuja, na yeye ndiye atakayeshika brashi ya kwanza. Wewe unayelipa bei ya mwenyeji, njoo usimame na anayelipa bei ya mgeni. Na kama steji yako iko mbali, usitusubiri. Waulize wazee wako, kaeni, andikeni ubao wenu.

Hadi hapo, ukisikia mtu anatajiwa elfu nane na wewe unajua ni elfu tano, usinyamaze. Sema kwa sauti, kwa lugha yoyote uliyonayo.