Mlango wa Ziwa Letu

Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, lakini hutoa mmoja tu, yaani Lukuga, na mlango wake upo hapa Kalemie. Mlango huu ukizibwa, maji yatapita wapi?

Jambo hilo lilikwisha kutokea. Mwezi wa Mei 1874 Mwingereza Cameron aliingia Lukuga kwa mitumbwi, akakuta majani yaelayo yameshikamana hata njia ikamshinda. Mwaka 1876 Stanley naye aliukuta mto umezibwa. Ziwa likazidi kujaa, hata mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi kile. Miaka iliyofuata ziwa likashuka meta kama 10. Yaliyofanywa na majani ya kwetu yaweza kufanywa na mgeni aliye mbaya zaidi: gugu maji, litokalo Amerika ya Kusini.

Maua yake ya urujuani ni mazuri, nayo ndiyo yaliyowadanganya watu wakalichukua nchi hata nchi liwe pambo. Miaka ya 1950 lilienea katika mto Kongo, na watu wa mtoni wakaliita “Kongo ya sika”, maana yake Kongo mpya. Serikali ya Wabelgiji ilinyunyiza dawa kwa gharama kubwa, gugu halikwisha. Mwaka 1989 lilionekana katika Ziwa Viktoria, likawafungia wavuvi njia. Katika ziwa letu hili limekwisha kuonekana upande wa Bujumbura. Penye joto na maji machafu huongezeka maradufu kwa muda wa majuma mawili hivi, na mbegu zake hukaa hai matopeni miaka mingi.

Basi tufanyeje? Huko Uganda, katika miaka ya 1990, wataalamu walifungulia wadudu wadogo walao gugu hilo, nalo likapungua sana. Lakini kazi hiyo si ya mtu wa kawaida. Yetu ni hii. Tusilipande mapipani wala vidimbwini kwa ajili ya maua yake. Tukiliona ziwani au Lukuga, tuling'oe pamoja na mizizi, tulikaushe mbali na maji, ndipo tulitumie kwa mbolea. Tusilikate na kuliacha lielee, kwa maana kipande kidogo huota tena, na likioza majini huwanyima samaki hewa. Wala tusitie sumu katika maji tunayokunywa. Tena tuache kutupa takataka ziwani, kwani uchafu ndio unaolilisha.

Mwaka 2024 maji ya ziwa yaliingia katika nyumba nyingi za Kalemie. Mvua ndiyo iliyoyaleta, si gugu. Lakini aliyeona hayo atajua thamani ya mlango ulio wazi. Baba apaliliaye mihogo hangoji magugu yafunike shamba. Gugu moja mtoto aweza kuling'oa leo kwa mkono. Likiachwa, kijiji kizima chenye mitumbwi yake hakitaliweza.