Mafuta ya Mimea: Ardhi ya Chakula Ilindwe Kwanza

Azma ya kuendesha vyombo vya usafiri kwa mafuta ya mimea, badala ya petroli na dizeli zinazoagizwa kutoka nje, inaweza kuliokolea Taifa fedha za kigeni. Hata hivyo, mafuta hayo huanzia shambani, na ardhi ndiyo gharama yake ya kwanza.

Wilayani Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipatiwa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 kwa kilimo cha mbono. Mwaka 2011 mradi ulikwama, ilhali ardhi hiyo ilikwisha kuondolewa katika umiliki wa vijiji. Mbono huvumilia ukame, lakini bila maji na rutuba hutoa mbegu haba. Hivyo huishia kugombea ardhi ya chakula.

Kwa wananchi wa Bungu, kwenye miteremko ya Milima ya Usambara mkoani Tanga, ambako chakula hutegemea mashamba madogo, funzo hilo ni zito. Mbono unaopandwa kuwa ua wa mipaka hauondoi mahindi wala maharage. Shamba zima la mbono huyaondoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kujadili maombi ya ardhi kabla ya uamuzi. Hapo ndipo pa kuhoji: mradi ukikwama, ardhi itarejea kwa nani?