Ubia kwa Maslahi ya Nani?

Asimamaye mpakani hapa Tunduma huuona uchumi wa nchi zetu ukipita mbele ya macho yake. Malori yaelekeayo Dar es Salaam yamesheheni shaba ya Zambia na Kongo. Yarudiyo huleta mitambo, magari na bidhaa za viwandani. Kahawa ya wakulima wa Mbozi nayo aghalabu huondoka ikiwa mbichi. Hali hiyo ndiyo tutakayo ibadilike, na kwa kipimo hicho tunaupima Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi ambao Umoja wa Ulaya umeunadi Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi.

Wautetezi wake husema utatufungulia soko la Ulaya. Kwetu sisi hoja hiyo haina uzito. Tangu mwaka 2001 Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo madogo kabisa, huruhusiwa kuuza Ulaya bidhaa zake zote, isipokuwa silaha, pasipo ushuru. Uliobaki kufunguliwa ni mlango wetu. Mkataba ulitutaka tuondoe, hatua kwa hatua katika miaka 25, ushuru juu ya asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zitokazo Ulaya, na tena ulibana uwezo wetu wa kutoza ushuru mpya malighafi zisafirishwazo nje. Basi mwenye haja ni nani? Bunge lilitenda haki Novemba 2016 liliposhauri usitiwe saini.

Hatuwalaumu ndugu zetu wa Kenya, waliotia saini mkataba wao Desemba 2023. Kenya haimo katika kundi la nchi hizo, na mwaka 2014, tangu Oktoba hadi Desemba, maua yake yalitozwa ushuru huko Ulaya. Mazungumzo yakakamilika Oktoba ile ile. Ni ubia gani huo uanzao kwa kukabana koo?

Mkataba wa Kenya, ulioanza kutumika Julai 2024, umeacha nafasi kwa wanachama wengine wa Jumuiya kujiunga. Na siku Umoja wa Mataifa utakapotuondoa katika orodha ile, nafuu ya mwaka 2001 itakoma baada ya muda wa mpito. Hapo tutabishiwa hodi tena, na kwa ukali. Tunaitaka Serikali ijiandae sasa: mkataba wowote wa aina hii upelekwe kwanza Bungeni, uandikwe kwa Kiswahili, na nakala zake zifike katika vyama vya ushirika vya Mbozi kabla kalamu haijatolewa mfukoni.