Acheni Kutuuzia Lenana ya Siku Mbili

Kila baada ya wiki chache kuna tangazo jipya kwenye magroupu ya WhatsApp ya hapa Naivasha. Mtu amesimama juu ya mawe na bendera, jua linachomoza nyuma yake, na chini kuna maandishi makubwa: Point Lenana, Ijumaa usiku mpaka Jumapili, gari na chakula ndani, lipa pole pole. Halafu wasee wanaanza kuandika "nipo", "nipo", "nipo", ni kama tunaenda kuogelea.

Mimi simo. Na wacha niseme wazi kwa nini, kwa sababu wanaouza hii kitu ni watu wa rika langu, wanaokula kupitia simu kama mimi.

Niliacha chuo, lakini hesabu ya hapa haitaki digrii. Kihoto tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Lenana ni mita 4,985. Ratiba yenyewe iko hivi: Ijumaa jioni mnatoka, Gilgil, Ol Kalou, Nyahururu, mnakata mpaka Nanyuki, mnafika usiku shingo zimepinda. Jumamosi asubuhi mnaingia lango la Sirimon, mita 2,650 hivi. Mtu asiye na haraka hulala Old Moses, mita 3,300. Nyinyi mnapita hapo mkipiga picha, mnasukumana zaidi ya kilomita 20 mpaka Shipton's, mita 4,200. Mnajilaza masaa machache, saa nane usiku mnaamshwa kwenda kileleni. Jumapili jioni mko barabarani mnarudi.

Yaani mwili umepandishwa mita 3,000 na kitu kwa siku moja na nusu. Madaktari wa mambo ya milima wanashauri hivi: ukishapita mita 3,000, usiku wa leo usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila siku tatu au nne upumzike siku moja. Weka huo ushauri kando ya hilo tangazo uone.

Ukikaribia mita 5,000, kila pumzi inakupa nusu na kidogo tu ya oksijeni anayoipata mtu wa Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku. Usipoupa siku, unaanza na kichwa kuuma na kutapika, na hapo bado una bahati. Ikizidi, maji yanajaa mapafuni na unakosa pumzi hata ukiwa umekaa. Au ubongo unavimba, unaanza kuyumba kama mlevi na kuongea vitu havieleweki, na wenzako wanacheka wakidhani ni uchovu. Dawa ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na kilele unakiona.

Na usiniambie wewe uko fiti. Ufiti haukukingi. Mara nyingi kijana mwenye nguvu ndiye anaumia, kwa sababu miguu yake inamfikisha juu kabla mwili haujazoea. Hiyo ya "sisi wa Naivasha tumezaliwa juu" pia muache. Mita 1,900 si mita 4,200.

Najua jibu liko tayari: "Mbona watu wanaenda na wanarudi?" Ndiyo, wengi wanarudi. Wengi pia waliingia korongo la Ol Njorowa pale Hell's Gate wakatoka, mpaka 2012 maji yalipobeba vijana saba wa kanisa, na Septemba 2019 yakabeba watu saba wengine. Hapo ni kwetu, tunakujua. Na hapa Kihoto ziwa limeingia mpaka vyumba vya kulala, watu wakatolewa na maboti. Sisi, kati ya watu wote, ndio tunaambiwa mlima utafuata ratiba ya tangazo?

Halafu dereva. Hakuna mtu anaongea kuhusu dereva. Mara nyingi ni mmoja wenu, mwenye gari au aliyekodi, na amepanda na nyinyi. Ameamka saa nane usiku, ametembea mpaka mchana, halafu anashika usukani kuwarudisha Naivasha gizani kwa sababu Jumatatu kuna kazi. Hata kama mlima umewaacha salama, bado kuna hiyo barabara.

Mwaka wa 1943 Waitaliano watatu walitoroka kambi ya wafungwa Nanyuki, wakapanda huu mlima na vifaa walivyojitengenezea. Wawili walifika Lenana. Safari yote ilichukua siku 18. Wafungwa, wasee!

Kuna swali moja naliheshimu. Kijana wa shamba la maua ana siku moja ya kupumzika kwa wiki, hizo siku tano za mlima atazitoa wapi? Ni kweli, na si haki. Lakini hiyo ni sababu ya kuchagua mlima unaoingia kwenye wikendi. Longonot iko hapa, mita 2,776, unazunguka mdomo wa volkeno na jioni uko nyumbani. Ukitaka kuteseka zaidi, Aberdares kuna Kinangop, mita 3,906, na Lesatima, 4,001. Unapanda na mwongozaji, unashuka siku hiyo hiyo, unalala chini. Lenana iwekee siku zako za likizo.

Lakini najua Longonot haina laiki. Hapo ndipo shida iko. Creator anaweka video ya kilele, anakata sehemu ya kutapika, halafu anauza nafasi kumi na nne za matatu.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa, muulize: usiku wa kwanza tunalala mita ngapi? Mtu mmoja akizidiwa saa tisa usiku, nani anashuka naye na nani anabaki na wengine? Nani anaendesha tukirudi, na atakuwa amelala wapi? Akikujibu "wacha uoga", doh yako ibaki kwa simu yako.