Zima Simu, Sikiliza Ndege

Mwezi huu naanza na swali la uchokozi: mara ya mwisho wewe na mwenzio mlikaa saa nne pamoja bila TV, bila simu na bila kununiana ilikuwa lini? Usinijibu. Hata mimi sikuwa na jibu, na nimeolewa miaka sita.

Nyumbani kwetu hakukuwa na ugomvi, kulikuwa na ukimya. Tukitoka kazini, kila mtu na simu yake mpaka usingizi. Shoga yangu mmoja ndiye aliyetutoa. "Jumamosi tunapanda Morningside kuangalia ndege, njoo na shemeji." Mume wangu akacheka. "Ndege? Si hao hapo uani?"

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa mjini Morogoro, watu wanane pamoja na mwongozaji wetu, kijana wa Kiluguru. Alikuwa na masharti mawili tu: zima simu, na ukitaka kusema, nong'ona. Tukapanda taratibu katikati ya mashamba ya mboga, tukaipita ile nyumba ya zamani ya Wajerumani mpaka ukingo wa msitu.

Hapo tukamwona chozi wa Loveridge, ndege mdogo mwenye kichwa cha kijani kinachong'aa, akinyonya maua. Kuna mwenzake adimu zaidi, mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano. Wataalamu humwita Malaconotus alius. Wote wawili, duniani kote, wanaishi Uluguru tu. Huyo wa pili hukaa juu kabisa kwenye miti mirefu, kwa hiyo ukimtaka, unyamaze kwanza usikie mluzi wake.

Basi tukakaa kwenye gogo, kimya. Mluzi haukuja. Ila mume wangu aliniinamia akaninong'oneza: "Mke wangu, mkataba wangu kazini hauongezwi. Nimejua tangu mwezi wa nne."

Miezi mitatu! Ki-ukweli, tungekuwa nyumbani ningepiga kelele mpaka majirani wasikie. Pale kelele zilikatazwa. Nikamshika mkono, nikasikiliza mpaka akamaliza. Tuliposhuka tulikuwa tunapanga bajeti.

Sisemi ndege anatibu ndoa. Nasema mwenzio huenda ana neno ambalo halitoki mpaka umpe utulivu. Na ndege yule msitu wake ukikatwa, hana mlima mwingine wa kuhamia. Hata sisi tutaumia, maana maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar yanaanzia huko huko.

Ukitaka kujaribu, msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, hivyo ulizia kibali kwanza na mchukue mwongozaji wa hapo hapo. Vaeni viatu vya kufunika vidole na mbebe maji. Darubini moja inatosha wawili, mtapokezana. Kwa mlioko Dar, treni ya SGR inafika Morogoro tangu 2024. Njooni Ijumaa jioni mlale, maana ndege hawamsubiri mchelewaji.

Mume wangu bado anatafuta kazi. Jumamosi hii tunapanda tena. Safari hii yeye ndiye aliyeniamsha.

Tukutane mwezi ujao, mpendane!